Santuri Chini ya Kitanda cha Mwalimu wa Kwaya

Mwalimu wa kwaya ya kanisa letu alichukia kelele. Mlango ukibamizwa alishtuka kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Mgeni akinywa chai kwa kufyonza, yeye aliweka kikombe chake chini akatazama dirishani mpaka mgeni amalize. Jogoo wangu alimleta kwangu mara mbili, si kwa ugomvi, bali kuniuliza tu kwa upole kama huyo ndege ana mpango wowote wa kuokoka. Na mtu huyu huyu alipenda, kuliko kitu kingine chochote, ule muziki mzito wa magitaa ya umeme unaopigwa na Wazungu wenye nywele za kufika kiunoni, muziki ambao ukifunguliwa sawasawa unaweza kuangusha papai bichi.

Aliusikiliza kwa sauti ya chini kabisa. Hapo ndipo watu hawaniamini nikiwasimulia. Alivuta kiti mpaka kwenye spika, akainamisha kichwa na kuweka sikio pale kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto, na huko ndani, mbali, kwa sauti ya mbu, mtu alikuwa anapiga mayowe na ngoma zinavunjika. Siku moja nilimuuliza kwa nini asiongeze.

"Nikiongeza nasikia kelele," akasema. "Nikipunguza nasikia muziki."

Siku hizi ni mzee wa kutembea na fimbo, lakini nikimfikiria namwona yule wa wakati wa kwaya, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha shingo, kalamu mbili mfukoni, moja haiandiki. Nyumba yake na yetu, hapa upande wa Kalamba, zinatenganishwa na ua wa mkonge tu. Na mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne nikarudi kupumzika kidogo, na bado napumzika. Kwa hivyo kama kuna mtu aliyepata nafasi ya kumtazama Mwalimu kwa miaka mingi bila kuchoka, ni mimi. Kutazama ndiyo kazi niliyoifanya kwa bidii. Kuku wanajilea.

Alikuwa na misemo yake. Kwa sisi wa besi, ambao kila mtu kanisani alitusahau, alisema, "Nyinyi ni mawe ya msingi. Mgeni akija atasifu mabati, na mkiondoka nyumba inaanguka." Kwa soprano aliyependa kusikika kuliko wenzake alisema, "Dada, ukitaka kuimba peke yako, nje kuna punda, naye anatafuta mwenzake." Wimbo, kwake, ulikuwa na mgongo kama ng'ombe. Utafute mgongo kwanza, nyama utaibandika baadaye. Hakukubali kinanda wala ngoma kanisani, hata vijana walipochangisha. Alisema hivyo vyombo ni kelele. Aliyasema hayo Jumapili mchana, na jioni alikuwa kwenye spika yake akisikiliza mtu anayepiga ngoma kama anayemfukuza nyoka.

Lakini sasa nikufunulie siri ya kwaya yetu. Ile besi yake haikutoka kwenye kitabu cha nyimbo. Aliitoa kwenye zile santuri. Alisikiliza gitaa zito likitembea chini ya wimbo, du-du-ndu, du-ndu, akaja nalo mazoezini, akalivalisha maneno ya zaburi ya "Bwana ndiye mchungaji wangu", akatupa. Tulivuka mto Athi tukaenda Kanyangi kwa mashindano ya makanisa, tumesimama nyuma ya lori, na tulipoimba, kina mama wa huko walianza kutikisa mabega kabla ya kukumbuka wako wapi. Mwamuzi mmoja alimfuata Mwalimu baadaye.

"Hii besi mmeitoa wapi, mwalimu?"

"Makindu," Mwalimu akajibu.

Wala hakudanganya. Kabla ya kwaya alikuwa karani kwenye duka la vipuri Makindu. Mwenye duka alipohama na familia yake alimwachia sanduku lenye santuri tisa na gramafoni yake, maana hakukuwa na nafasi kwenye gari. Mwalimu alizileta nyumbani, na kwa kuwa stima ilikuwa haijafika kwetu, alizisikiliza kwa betri ya gari.

Kelele moja tu aliivumilia. Ilikuwa kicheko cha mke wake. Mama yule alicheka na mwili mzima, kicheko kikavuka mkonge kikaamsha kuku wangu, na Mwalimu, badala ya kushtuka, alitabasamu akitazama chini kama mtu aliyesifiwa mbele ya watu. Mama hakusoma utotoni. Alijiunga na darasa la ngumbaru akiwa mtu mzima, pamoja na wazee wengine, na jioni Mwalimu alimsimamia mezani akiandika zile herufi kubwa kubwa, kila moja imeinama upande wake kama boma lililopigwa na upepo. "Zako ni herufi zenye afya," alimwambia. "Hazina haraka." Nikikatiza uani niliwaona, vichwa viwili juu ya daftari moja.

Nimezunguka vya kutosha. Nilitaka uwapende kwanza kabla sijakwambia nilichofanya.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Tulikuwa tunajiandaa kwa Pasaka, na mimi kwenye besi nilikuwa napotea, kila mara mahali pale pale. Mwalimu alisimamisha kwaya. Akanitazama kwa upole, na upole wake ndio ulioniua.

"Jirani," akasema, "huu mstari utuachie sisi. Wewe pumua tu."

Kwaya yote ilicheka. Soprano walicheka zaidi, na kati yao kulikuwa na mmoja ambaye nilikuwa nimemwandalia maneno miezi minne. Nilipumua, kama nilivyoambiwa. Nilipumua wiki nzima.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya uamsho. Alikuja mhubiri mgeni, kijana mwenye suti ya rangi ya udongo, akaleta utaratibu wake. Kila mtu apewe karatasi ndogo, aandike jambo la kuombewa, lake au la mwenzake, bila jina, aitumbukize kwenye kikapu. Mhubiri angezisoma mbele. Wengine waliandika magonjwa, wengine waume walevi. Mimi niliandika hivi: TUOMBEE NYUMBA YA MWALIMU WA KWAYA. CHINI YA KITANDA KUNA SANDUKU LIMEFUNGWA NA LESO NYEKUNDU. NI NYIMBO ZA SHETANI. KUNA PICHA YA MBUZI.

Lazima nieleze nilijuaje. Sote majirani tulijua Mwalimu ana nyimbo za Kizungu. Lakini majalada yake hakuna aliyeyaona, maana alitoka chumbani na santuri moja mkononi, uchi bila jalada, akairudisha vivyo hivyo. Kisha mvua moja kubwa ilitoboa mabati yao Mwalimu akiwa mazoezini. Mama aliniita juu ya ua, "Jirani, njoo unisaidie kitanda kisilowe." Tulikisukuma, na pale chini kulikuwa na sanduku na leso yake. Mama alilifungua kuona kama maji yameingia. Juu kabisa kulikuwa na jalada la mbuzi mweupe aliyesimama juu ya piano, anakutazama. "Usimwambie umeona," Mama akasema huku anafunga. "Hapendi zishikwe." Sikumwambia. Nilisubiri nikawaambia watu mia mbili.

Na kwa kuwa mimi ni msomi wa kidato cha nne, nilijua mwandiko unaweza kumfunga mtu. Kwa hivyo karatasi ile niliiandika kwa mkono wa kushoto, kwa herufi kubwa, polepole, ili ionekane ya mtu ambaye hakusoma sana. Nilijiona mjanja kweli. Umeshaona nilichokuwa nakifanya? Mimi sikuona. Nilichukua miaka kumi na nane kuona.

Mhubiri aliisoma. Kanisa likageuka kumtazama Mwalimu. Yeye aliinuka akaenda mbele, akaomba aonyeshwe karatasi, akaishika muda mrefu. Akaikunja vizuri, akaiweka kwenye mfuko wa shati, nyuma ya kalamu. "Ni kweli," akasema. "Nitazileta."

Alizileta mwenyewe kesho yake alasiri, sanduku kichwani, hakutaka msaada. Wazee walikuwa wamewasha moto nyuma ya kanisa. Mhubiri aliinua jalada la mbuzi juu ili wote waone uso wa adui.

"Mtumishi," Mwalimu akasema, "huyo ni mbuzi tu. Hata hajanona."

Hakuna aliyecheka. Santuri haziungui kama karatasi. Zinalegea, zinajikunja, zinadondoka kama lami, na zinatoa moshi mweusi wa kukaba. Kwaya iliambiwa iimbe. Mwalimu akainua mkono kutupa sauti ya kuanzia, akakohoa, akasema, "Tushuke kidogo. Huu moshi utaharibu soprano." Akatuongoza mpaka mwisho, beti zote nne, akitazama midomo yetu, hakuutazama moto hata mara moja. Nilikuwa nimerudishwa kwenye mstari wangu. Niliimba, na siku hiyo sikupotea.

Gramafoni waliisamehe. Ilisemekana mashine haina dhambi yake yenyewe. Mama aliifunika kitambaa akaweka juu picha ya harusi.

Mwalimu aliendelea na kwaya miaka mingi. Alifika kwa saa ile ile, akatoa misemo ile ile. Tofauti ni ndogo, mtu asiyetazama kama mimi asingeiona. Aliacha kutunga besi mpya. Na kwake, alianza kumwambia mke wake "asante sana" na "samahani kidogo", kama mtu aliyekaa hotelini. Lile daftari mezani jioni sikuliona tena. Kicheko nacho kilikoma kuvuka ua. Nilijiambia wamezeeka. Nilijiambia Mwalimu anahuzunika kwa ajili ya santuri, na santuri ni vitu tu, na mimi nilikuwa kijana, na mhubiri alishaenda zake. Mtu akiwa na nafasi ya kutosha nyumbani anaweza kujiambia mambo mengi.

Mwaka jana Mama alikuja kutafuta mayai. Nilikuwa nayapanga kwenye trei. Akakaa kwenye debe, akaanza kusimulia kama anayesimulia habari za mtu mwingine.

"Unajua huyu mzee wangu anaamini ni mimi niliandika ile karatasi."

"Karatasi gani, Mama?" Nilikuwa najua karatasi gani.

"Ile ya moto. Hajawahi kuniuliza. Lakini aliiweka ndani ya Biblia yake, nikaiona siku moja nikipangusa. Nikaona herufi. Hata mimi ningesema ni zangu." Akayatazama mayai. "Na hapo chini ya kitanda nani mwingine angejua? Basi amenivumilia hivyo, miaka yote, kwa adabu. Ningependelea anipige mdomoni."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie si mimi? Hajanishtaki. Nikijitetea kabla ya kushtakiwa si ndiyo ninakubali?" Akainuka, akapokea mayai yake. "Wewe umeniongezea mayai mawili."

"Ni zawadi," nikasema.

Mtu mwingine angevuka ua siku ile ile. Mimi nilimaliza miezi mitano nikitafuta njia ya kuungama bila kusema. Nikaipata, au nilidhani nimeipata. Binti wa shangazi yangu aliye Nairobi aliniambia zile albamu za zamani siku hizi zinatolewa upya. Wanarudi kwenye kanda za kwanza kabisa za studio, wanasafisha sauti, wanaondoa mivumo na mikwaruzo, wanapanga kila chombo mahali pake, halafu wanachapa santuri mpya kwenye jalada lile lile la zamani. Jina la bendi sikulijua. Niliandika kwenye simu, mbuzi mweupe juu ya piano, na akaja, ananitazama vile vile. Aliagizwa, akasafiri majuma, na mimi nikamfuata Makindu mwenyewe, mimi ambaye safari ya kuvuka barabara huipangia kikao.

Nilimkuta Mwalimu sebuleni. Mama alikuwa jikoni, nyumba ndogo ya nyuma, anachambua ndengu.

"Wakya," akanisalimu.

"Aa," nikaitikia, nikampa.

Alipangusa mikono kwenye suruali, akachana plastiki kwa ukucha, akanusa ndani. Akasoma kibandiko, polepole, kwamba sauti imesafishwa upya. Akamtazama mbuzi.

"Wamemwosha," akasema. "Wa kwetu alikuwa na vumbi."

Aliondoa picha ya harusi na kitambaa. Mkanda wa gramafoni ulikuwa mpira aliokata kwenye tyubu ya baiskeli, mpya, na hapo nikajua kwamba miaka yote hiyo, bila santuri hata moja, alikuwa akiitunza mashine. Akaweka sindano, akapunguza sauti, akavuta kiti. Alisikiliza upande wa kwanza wote bila kutingisha kichwa. Mimi nilikaa nikitazama kisogo chake. Kilikuwa kimekonda.

"Hapa mwanzo palikuwa na mtu anakohoa," akasema mwishoni. "Wamemtoa. Na kile kiti cha mpiga ngoma kilikuwa kinalia, nacho hakilii. Ni kama kumwona mtu wako amelala kwenye jeneza. Ni yeye, amevaa vizuri, lakini hana kikohozi."

"Pole, Mwalimu."

"Ngoja, sijamaliza." Akarudisha sindano mahali fulani katikati, akanivuta mkono niweke sikio. "Unasikia besi? Sikia anavyotembea. Ile yangu ilikuwa na mvumo mwingi, besi sikuisikia vizuri. Nilikuwa naisikia du-du-ndu, du-ndu. Sasa sikiliza huyu. Hafanyi hivyo kabisa. Hajawahi kufanya hivyo." Alikuwa ameacha mdomo wazi, karibu acheke. "Ile ya Kanyangi haikutoka hapa. Nilijitungia mwenyewe, na nikaungama kanisani kwamba ni ya shetani."

Kama kungekuwa na wakati wa kunyamaza na kurudi kwa kuku wangu, ulikuwa huo, na yeye ana furaha. Nilisema bila kuondoa sikio kwenye spika, nikiwa nimeinama, nisione uso wake.

"Mwalimu, ile karatasi ni mimi niliandika. Kwa mkono wa kushoto. Siku mabati yalivuja Mama aliniita tusogeze kitanda, ndipo nikaona. Mama hakujua kitu."

Muziki uliendelea kidogo, kwa sauti ya mbu. Kisha aliinua sindano.

"Ulikuwa unataka nini?" akauliza. Alitaka kujua kweli.

"Ulinifanya nichekwe na soprano."

Alifikiri. Niliona anatafuta siku hiyo, hapati. Hakuikumbuka. Kitu nilichochoma nacho nyumba ya watu, mwenyewe hakukumbuka kukisema.

"Mimi umenieleza," akasema. "Mwenye kesi yuko jikoni. Nenda umwambie."

"Tuende wote, Mwalimu."

"Mimi nitakuja nikipata la kusema."

Nilivuka uani. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, ungo mapajani, anatoa vijiwe kwenye ndengu. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kila kitu, mpaka mkono wa kushoto. Hakuacha kuchambua.

"Kwamba si mimi, hiyo nilikuwa najua," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Na kitanda tulisukuma wawili."

Nikamtazama. "Ulijua ni mimi?"

"Siku ya mayai, wewe ulidhani nilikuja kutafuta mayai?" Alitupa kijiwe nje. "Nilikaa pale kwenye debe nikasema, leo atasema. Ukanipa zawadi."

Nilimwambia naomba msamaha, na nililisikia neno likiwa dogo, limechelewa. Alisema ameshalisikia, na kwamba hilo ni jambo la kuongelea siku nyingine, mimi na yeye, na siku hiyo atanichagulia yeye. "Mzee amesema nini?"

"Amesema atakuja akipata la kusema."

"Basi keti."

Niliketi chini karibu na jiko. Hakunipa kazi wala chai. Sebuleni hakukuwa na muziki. Tulingoja mpaka ndengu zikaisha akaanza kuzichambua upya, ndengu safi kabisa. Mwishowe tukasikia fimbo uani, inakuja, inasimama, inakuja tena. Mwalimu akatokea mlangoni akajishikiza kwa mkono kwenye mwimo. Macho yalikuwa kwa mke wake. Alifungua mdomo, hakukutoka kitu. Akaufunga. Akafungua tena.

Sikuweza kuvumilia. "Mama," nikaanza, "Mwalimu anataka kusema kwamba..."

"Wewe nyamaza," Mama akasema, bila kunitazama, anamtazama yeye. "Wewe ulishaandika."